Mwongozo kamili wa kusoma digrii ya kwanza ya sayansi na uhandisi wa ukokotozi (CSE), kuanzia kuchagua kozi mpaka projekti ya mwisho

Tuanze na jina manake ndo linawapoteza wengi. Ukiona herufi CSE kwenye orodha ya kozi zinaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni sayansi ya kompyuta na uhandisi wake, hapo utasoma mitandao, kanzidata, mifumo ya uendeshaji, namna kompyuta yenyewe inavyojengwa. Ya pili ndo hii ninayoiongelea, sayansi na uhandisi wa ukokotozi, ambapo kompyuta ni chombo cha kazi tu na swali linatoka nje ya kompyuta: daraja hili litabeba mzigo gani, hewa inapitaje juu ya bawa la ndege, dawa inajishikizaje kwenye protini, kesho mvua itanyesha au hainyeshi. Unakichukua kitu cha duniani, unakiandika kwa mlinganyo, mlinganyo unagoma kutatulika kwa kalamu na karatasi, unautafutia njia ya kuukokotoa kwa namba, unaandika programu, alafu unajiuliza hili jibu nililopata ni la kusadikiwa kiasi gani. Kuna watu wamejaza fomu ya hii kumbe wanataka ile, na wengine kinyume chake, wanakuja kushtuka semista ya pili, kwahiyo usisome jina, soma kilichomo ndani.

Na hilo swali la mwisho, jibu ni la kusadikiwa kiasi gani, kwangu mimi ndo digrii yenyewe, mengine yote yanalihudumia. Tarehe 23 Agosti 1991 kule Norway kitako cha zege cha jukwaa la mafuta linaloitwa Sleipner A kilipasuka kikazama wakati kinajaribiwa majini. Uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba kwenye hesabu za kompyuta, zile za mbinu ya finaiti elementi ambayo inagawa kitu kikubwa vipande vidogovidogo, nguvu za kukata kwenye sehemu fulani za kuta zilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47 hivi, kwasababu vipande walivyogawia sehemu ile havikufaa. Kompyuta ilitoa namba safi kabisa na watu wakajenga juu ya hiyo namba. Ukishaielewa hii habari utaelewa kwanini walimu wa kozi hii wanakuwa wakali hivyo kwenye mambo yanayoonekana madogo.

Hatua ya 1: jipime kabla ya kujaza fomu

Sio lazima uwe unajua kuprogramu, hilo wengi wanaliogopa bure, utafundishwa. Kinachotakiwa ni hesabu zisikuchoshe. Sisemi uwe wa kwanza darasani, nasema ukipewa swali gumu ukae nalo saa mbili bila kulitupa. Kitu cha pili uwe na hamu na kitu halisi, iwe fizikia, kemia, viumbe, mitambo, hali ya hewa, chochote, manake kama unapenda kompyuta kwa ajili ya kompyuta basi ile CSE ya kwanza itakufaa zaidi na hamna ubaya wowote. Cha tatu ni uvumilivu wa kutafuta kosa, kwasababu utakaa siku nzima unatafuta alama ya kutoa iliyoandikwa pahali pa kujumlisha, na programu yako haitakuambia chochote, itaendelea kukupa majibu yanayofanana na ukweli.

Hatua ya 2: soma mtaala mstari kwa mstari

Kwenye ngazi ya digrii ya kwanza kozi hii haipo kila chuo, vyuo vingi wanaifundisha kuanzia masters, ila wapo wanaoifundisha tangu mwanzo, mfano ETH Zürich kule Uswisi wana digrii kamili ya kwanza ya CSE. Sehemu nyingine imejificha ndani ya idara ya hesabu kwa jina la hesabu tumizi, au ndani ya uhandisi.

Ukipata mtaala tafuta vitu hivi. Kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra ya lineari ziwe mwaka wa kwanza, kama aljebra ya lineari imewekwa mwaka wa tatu tena kwa hiari hapo kimbia. Uchambuzi wa mbinu za namba uwe walau kozi mbili, moja tu haitoshi, manake ya kwanza inaishia kwenye kutafuta mizizi ya milinganyo na kukadiria eneo chini ya mstari uliopinda, wakati ile milinganyo ya difrensheli (inayoeleza kitu kinabadilikaje) yenye vigeu vingi, ambayo ndo inabeba joto, mawimbi na mtiririko wa maji, inakuja kwenye ya pili. Takwimu na uwezekano ziwepo. Kuwe na uwanja wa matumizi unaochagua mwenyewe, na mwisho kuwe na projekti ndefu. Kama kuna kozi ya ukokotozi sambamba, yaani kutumia prosesa nyingi kwa mara moja, hiyo ni dalili nzuri sana kwamba waliotunga mtaala wanaijua kazi.

Na kama kozi yenyewe haipo unapoweza kufika? Unaijenga. Ushauri wangu ni kuchukua hesabu au fizikia kama digrii kuu alafu ukaongezea kozi za kuprogramu na za mbinu za namba kwa hiari. Wapo watakaokuambia chukua sayansi ya kompyuta uongezee hesabu, mimi siafiki, kwasababu kuprogramu mtu anaweza kujifunza jioni chumbani kwake na akafika mbali tu, lakini sijaona wengi waliojifunza milinganyo ya difrensheli peke yao mpaka ikakaa vizuri bila mwalimu wa kuwasahihisha. Uhandisi wa mitambo au wa ujenzi nao ni mlango mzuri, shida yake ratiba imejaa sana nafasi ya kuongezea inakuwa finyu.

Hatua ya 3: miezi kabla ya kuanza

Fanya vitu vitatu tu usijichoshe. Rudia kalkulasi ya sekondari mpaka kutafuta derivativu na intego kusikuhitaji kufikiri. Jifunze lugha ya kuprogramu ya Python kidogo, lupu, fanksheni, kusoma faili, kuchora grafu, basi. Alafu weka Linux, mfumo wa uendeshaji wa bure, kwenye laptopu yako hata kama ni pembeni ya mfumo ulionao, na uzoee kufanya kazi kwa kuandika amri badala ya kubofya, manake supakompyuta zote kubwa duniani zinatumia Linux na hazina kioo cha kubofyabofya, unaingia kwa amri unatoka kwa amri. Laptopu yenyewe ya kawaida inatosha kabisa, usikope hela kutafuta yenye kadi kubwa ya GPU (prosesa ya picha inayofanya hesabu nyingi kwa pamoja), kazi kubwa zitafanyika kwenye mashine za chuo.

Hatua ya 4: mwaka wa kwanza, hesabu kwanza

Mwaka huu utajiona kama umekosea kozi kwasababu kompyuta utaiona kidogo. Tulia. Aljebra ya lineari ndo lugha ya kila kitu kitakachofuata, kila tatizo kubwa la ukokotozi, liwe la daraja au la hali ya hewa, mwisho wake linageuka kuwa matriksi kubwa, yaani jedwali la namba, na wewe unatafuta vekta, yaani safu moja ya namba. Kwahiyo usikariri namna ya kuzidisha matriksi, elewa matriksi inafanya nini kwa maumbo: inavuta, inazungusha, inabana. Elewa aigenveli, ile namba inayosema matriksi inavuta kiasi gani vekta isiyobadili mwelekeo, ni nini kwa maneno yako mwenyewe. Ukiweza kumweleza mtu asiyesoma hesabu kwanini daraja linaweza kutikisika lenyewe kwa mdundo fulani, ujue umeielewa.

Kuna jambo moja ningependa kila mtu alijue mapema. Kutatua mfumo wa milinganyo n kwa njia ya Gauss kunahitaji hatua karibu theluthi mbili ya n mara n mara n. Maana yake ukiongeza ukubwa wa tatizo mara mbili muda unaongezeka mara nane. Ukiongeza mara kumi, muda ni mara elfu moja. Ndo maana huwezi tu kusema nitanunua kompyuta kubwa zaidi, inabidi kutafuta njia yenye akili zaidi, na mfano mzuri ni ile ya Cooley na Tukey ya mwaka 1965 ya kugawanya ishara kuwa mawimbi yake kwa haraka (badiliko la Fourier), kazi iliyokuwa inahitaji hatua n mara n wakaishusha mpaka karibu n mara logi ya n, na hiyo moja ilifungua milango mingi kuliko mashine nyingi zilizokuja baadaye.

Jifunze kuthibitisha pia. Wanafunzi wengi wa uhandisi wanazichukia pruufu wanaona zinawapotezea muda, ila baadaye ndo utaona pruufu inakuambia mbinu yako itavunjika lini kabla haijavunjika.

Hatua ya 5: lugha za kuprogramu na tabia nzuri

Lugha mbili zinatosha kuanzia. Python pamoja na laibrari zake za hesabu NumPy na SciPy (laibrari ni programu zilizoandikwa tayari) kwa kujaribu mawazo haraka, alafu moja ya kasi, C++ au Fortran. Usicheke Fortran eti ni ya mwaka 1957, modeli nyingi za hali ya hewa bado zinaendeshwa nayo na laibrari maarufu za aljebra kama LAPACK zimeandikwa kwayo, hata unapoita NumPy itatue matriksi chini kabisa kuna LAPACK inafanya kazi. Julia na MATLAB utakutana nazo, ukijua mbili za kwanza hizo utazishika ndani ya wiki chache.

Muhimu kuliko lugha ni tabia. Tumia Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, kuanzia asaimenti ya kwanza kabisa. Andika majaribio madogo ya kila fanksheni. Kila namba iandikie kizio chake pembeni, mita au milimita, digrii au radiani. Mimi semista nzima ya pili nilikuwa naona pendulamu yangu inayumba vibaya, nikabadilisha mbinu mara tatu, kumbe pembe nilikuwa naingiza kwa digrii wakati fanksheni ya saini (sin) inataka radiani, na ningeandika jaribio moja tu la mistari minne ningelikamata siku ile ile.

Kuhusu akili mnemba kukuandikia programu: wakati unajifunza mbinu kwa mara ya kwanza usiitumie, iandike kwa mkono wako mwenyewe hata ikikuchukua siku mbili. Ukishaielewa ndani nje, sawa, ikusaidie kuandika yale ya kuchosha. Nasema hivi kwasababu kwenye fani hii kosa halionekani kwa macho, na kama hujawahi kuijenga mbinu mwenyewe hutokuwa na kitu cha kulinganishia.

Hatua ya 6: mbinu za namba, hapa kaa sana

Hii ndo roho ya digrii kwahiyo nitakaa hapa. Anza na kujua namba zenyewe zinakaaje ndani ya mashine. Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python utapata 0.30000000000000004. Sio kosa la Python, ni kwamba 0.1 haiwezi kuandikwa kamili kwa mfumo wa mbili, kama vile theluthi isivyoisha kwa desimali. Kwa kiwango cha IEEE 754 cha namna kompyuta inavyotunza namba za desimali, kilichotoka 1985, namba ya biti 64 inakupa takriban tarakimu 16 za uhakika, zaidi ya hapo ni vumbi. Vumbi hilo likijumlika linaua: tarehe 25 Februari 1991 mtambo wa kudungua makombora wa Patriot kule Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa saa kama 100 mfululizo, unahesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile 0.1 imekatwa kwenye biti 24. Kosa likawa limefika sekunde 0.34 hivi, mtambo ukalitafuta kombora mahali ambapo halipo, wanajeshi 28 wakafa.

Sasa zoezi ambalo ningemlazimisha kila mwanafunzi alifanye wiki ya kwanza. Kikombe cha maji ya nyuzi 90 kipo kwenye chumba cha nyuzi 20, kinapoa kwa kasi inayolingana na tofauti ya joto, kipimo chake 0.1 kwa dakika. Baada ya dakika 10 kitakuwa na joto gani? Hii ina jibu kamili la kalamu, ni nyuzi 45.75, na tunalihitaji ili tujipime. Tumia mbinu ya Euler, yaani unaangalia kasi ya sasa hivi, unapiga hatua moja ndogo mbele kwa kasi hiyo, unaangalia tena. Kwa hatua za dakika moja unapata 44.41, umekosea kwa 1.34. Hatua za nusu dakika unapata 45.09, kosa 0.66. Robo dakika, 45.43, kosa 0.33 hivi. Unaona? Kila ukigawa hatua kwa mbili kosa nalo linagawanyika kwa mbili. Huo ndo mwendo ambao nadharia inasema Euler anatakiwa awe nao, na kama programu yako haifuati mwendo huo basi una kosa pahali hata kama grafu inapendeza. Alafu badili uweke Runge-Kutta ya daraja la nne, mbinu inayoangalia kasi mara nne ndani ya kila hatua, hapo ukigawa hatua kwa mbili kosa linapungua karibu mara 16. Hii njia ya kuangalia kosa linapunguaje ndo silaha yako kubwa kuliko zote, itumie mpaka kwenye projekti ya mwisho.

Sasa fanya kinyume, weka hatua ya dakika 25. Hatua ya kwanza tu maji yanakuwa nyuzi 85 chini ya sifuri, ya pili yanaruka mpaka 177.5 juu, na yanaendelea kuyumba yanazidi kukua. Mlinganyo ni sahihi, programu ni sahihi, hatua ndo imevuka mpaka, ambao kwa kikombe hiki ni dakika 20. Huku kunaitwa kukosa ustahimilivu na utakutana nako kila mahali. Kwenye joto linalosambaa kwenye fimbo, ukitumia mbinu rahisi ya moja kwa moja, ukipunguza nafasi kati ya nukta kwa nusu inabidi hatua ya muda uipunguze mara nne. Kwenye mawimbi kuna sharti la Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928, kabla hata kompyuta hazijakuwepo, linalosema kwa lugha nyepesi kwamba taarifa isisafiri kwa kasi kuliko gridi yako (zile nukta ulizogawia nafasi) inavyoweza kuibeba.

Jizoeze kuyatenganisha makosa. Kuna kosa la modeli, mlinganyo wenyewe haufanani na dunia. Kuna kosa la mbinu, kama hilo la Euler. Kuna kosa la tarakimu, la mashine. Na kuna lako wewe uliyeandika programu. Jibu likiwa baya uliza ni lipi kati ya haya, usianze kubadilisha vitu ovyo.

Hatua ya 7: chagua uwanja mmoja

Kufikia mwaka wa pili mwishoni chagua uwanja, usiwe mtu wa mbinu tu asiye na tatizo la kutatua. Mtiririko wa maji na hewa, mango na miundo, kemia na protini, hali ya hewa na tabianchi, sumaku na umeme, fedha. Usidhani uwanja wa ukokotozi ni wa pembeni: Nobel ya kemia ya 2013 walipewa Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel kwa modeli za kompyuta za mifumo ya kikemia, na nusu ya Nobel ya fizikia ya 2021 ilikwenda kwa Syukuro Manabe na Klaus Hasselmann kwa kazi ya kuiga tabianchi. Ukichagua, soma kozi za uwanja huo pamoja na wanafunzi wa uwanja wenyewe, kaa nao maabara, uone vipimo vinavyopatikana kwa shida kiasi gani, utaheshimu data.

Hatua ya 8: kasi na prosesa nyingi

Hii fanya mwaka wa tatu sio kabla. Programu iwe sahihi kwanza alafu iwe ya haraka. Pima ni mstari gani unakula muda ndo uuguse huo. Kisha jifunze zana za kugawa kazi: OpenMP kwa prosesa za mashine moja, MPI kwa mashine nyingi, na GPU mwishoni. Kumbuka hesabu ya Amdahl ya 1967: kama asilimia 5 ya kazi yako haiwezi kugawanywa, hata upewe prosesa milioni hutazidi kasi ya mara 20.

Hatua ya 9: projekti ya mwisho na yanayofuata

Chagua swali dogo. Wengi wanakuja na wazo la kuiga mtiririko wa damu kwenye moyo mzima, miezi sita inaisha wako kwenye kutengeneza gridi. Bora mshipa mmoja ulionyooka, ambao una jibu linalojulikana la kulinganishia, alafu uupinde kidogo, alafu uubane, ukipanda ngazi moja moja. Tafuta msimamizi anayesoma programu yako na sio grafu tu, hili waulize wanafunzi waliomtangulia. Kwenye ripoti weka jedwali la kosa kwa kila ukubwa wa gridi, weka toleo la kila laibrari uliyotumia, weka programu yote pamoja na amri moja itakayotoa grafu zote upya kuanzia mwanzo, na umpe mwenzako aiendeshe kwenye mashine yake kabla hujawasilisha, lazima kuna faili utakuwa umeisahau.

Baada ya hapo njia zipo nyingi, masters na utafiti, kampuni za magari, ndege na nishati, taasisi za hali ya hewa, uchambuzi wa data, mifumo ya akili mnemba ambayo ndani yake ni aljebra ya lineari ile ile ya mwaka wa kwanza. Ukiomba kazi au nafasi ya fildi usiorodheshe lugha kumi za programu. Peleka projekti moja iliyokamilika, na kwenye ukurasa wake wa kwanza andika ulitatua nini, jibu lako lina kosa la kiasi gani, na umejuaje.